Shamba Lililolazwa

Siku doria ya msitu ilipomleta mama yangu kwenye ofisi ya kijiji, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na daftari la makosa mezani. Ilikuwa asubuhi, saa nne bado. Nilisikia pikipiki ikizimwa nje, kisha sauti ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye alikuwa kiongozi wa doria. Alisema kwa upole usio wa kawaida yake, "Shuka taratibu, mama." Nikajua ni nani kabla sijainua kichwa.

Aliingia na kanga zake mbili, moja kiunoni na moja begani, miguu imechanwachanwa na miba. Hakuna aliyemshika mkono. Nyuma yake shemeji alibeba panga na jembe, akaviweka mezani mbele yangu kama sheria inavyotaka, bila kunitazama usoni. Panga lile nililijua. Mpini wake ulipolegea mwaka uliotangulia, niliukaza mimi mwenyewe kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Katika maisha yangu yote, hata tulipogombana vibaya, mama hakuwa amewahi kuniacha na shikamoo mdomoni. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akakusanya kanga yake magotini.

"Haya, karani," akasema. "Andika."

Sikuigusa kalamu, na sababu yake ilianza miaka mitatu kabla ya asubuhi ile.

Kijiji chetu kiko ndani, mbele ya Fukayosi. Sisi ni watu wa kulima: mihogo, mtama, kunde, ufuta, na mpunga kidogo bondeni mvua zikikubali. Upande wa magharibi tuna msitu. Nilipokuwa mtoto ulianzia nyuma ya shule. Nilipopata watoto wangu, ilikuwa lazima utembee saa nzima ndipo uukute. Mkaa ndio uliousogeza. Pikipiki zilikuja tupu, zikaondoka na magunia kuelekea barabara ya lami, na kila mwaka kisima chetu cha bondeni kilikauka mapema kuliko mwaka uliopita. Mwaka mmoja kilikauka kabla hatujamaliza kuvuna ufuta, na wanawake tukawa tunapigana vikumbo kisimani kwa ajili ya maji yenye rangi ya chai.

Kwa hiyo walipokuja wataalamu wa shirika moja la mjini kutuambia kwamba kijiji kinaweza kutenga msitu wake chenyewe, kikautungia sheria ndogo na kuulinda, sikuhitaji kubembelezwa. Nilisimama mkutanoni nikaongea mpaka koo likanikauka. Wakanichagua katibu wa kamati ya maliasili, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Sheria zile niliziandika kwa mkono wangu, kifungu kwa kifungu. Mtu haruhusiwi kuingia na panga, wala shoka, wala moto. Haruhusiwi kulima ndani ya mpaka.

Hata rangi ya kuweka alama kwenye miti ya mpakani niliinunua mimi, Bagamoyo mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja ambaye babu yake alikuwa akimuuzia babu yangu majembe. Aliniuliza nataka kupaka nini. Nilipomwambia miti, aliyarudisha makopo niliyokuwa nimechagua, akaniletea rangi nyekundu ya mafuta. "Chukua hii, mama," akaniambia. "Ile mvua moja tu inaitoa." Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyenunua nguo ya sikukuu.

Kuuzunguka mpaka kulituchukua siku tatu. Mtaalamu alitangulia na kishikwambi chake kinachoonyesha ramani, akifuatiwa na mwenyekiti wa kamati na wajumbe wengine, na mimi nyuma na kopo na brashi. Siku ya pili, jua likiwa kali, tukafika kwenye kichaka cha mama yangu.

Nakiita kichaka, lakini kwetu kile ni shamba lililolazwa. Ardhi yetu ni ya kichanga. Ukiilima miaka mitatu, minne, inachoka, inakupa mihogo midogo kama vidole. Basi unailaza. Unaiacha miaka saba, nane, miti inarudi, majani yanaanguka na kuoza, udongo unapata nguvu, kisha unarudi na panga unaanza upya. Mama alikuwa na sehemu tatu akizizungusha hivyo, kama alivyofanya mama yake. Mgeni akipita kwenye sehemu iliyolala anaona msitu tu.

Yule mtaalamu naye aliona msitu. Alisimama akafuta jasho, akasema kwamba hapa uoto umerudi vizuri sana. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye shamba eneo lile.

Mwenyekiti alinitazama. Alikuwa mzee wa makamo, mtu mpole, na alijua kabisa kile kichaka ni cha nani. Asubuhi ile alikuwa ameniita pembeni akaniambia kwamba wataalamu wamemweleza wazi, msitu ukiwa mdogo mradi utapelekwa kijiji kingine, na upande huu wote ni vichaka vya watu. "Tukianza kuvitoa," aliniambia, "tutabaki na nini?"

Mama hakuwepo kijijini. Alikuwa Ubena kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa, tangu masika, na hakuna aliyejua atarudi lini. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Nilijiambia hatalifungua tena shamba lile. Nilijiambia maji ni ya watu wote na kichaka ni cha mtu mmoja. Mtaalamu bado alikuwa akisubiri jibu.

"Hakuna anayelima hapa," nikasema.

Maneno yenyewe hayakuwa ya uongo. Nilichovya brashi, nikachora mstari mwekundu kwenye mti wa kwanza, na kile kichaka kikawa ndani ya hifadhi.

Mama alirudi baada ya kumzika dada yake. Nilimsimulia habari za msitu, naye akafurahi. Huko katikati, kwenye miti mikubwa, ndiko uliko mti wa mkole ambako wanawake wa kwetu huwapeleka wali, wasichana waliovunja ungo, kufundishwa. Mama ni kungwi. Ndiye anayewaongoza huko, na kabla ya kuingia hunyunyiza unga na kuomba. Wachoma mkaa walikuwa wamekaribia mahali pale kiasi kwamba mwaka mmoja wanawake waliimba ngoma ya wali huku shoka likisikika. Aliniambia tumefanya la maana. Akaniuliza mpaka unapita wapi.

"Kule mbele," nikamjibu.

Hivyo tu. Kila nilipotaka kumweleza nilijiwekea sababu ya kungoja. Kwanza alikuwa na msiba. Kisha alikuwa na kikohozi. Kisha ikawa muda umepita mno, na kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Miaka miwili na zaidi ikaenda hivyo, na yeye akilima karibu na nyumba.

Mwaka wa tatu mihogo ya karibu na nyumba ikashikwa na ugonjwa wa batobato. Majani yalijikunja, mizizi ikawa haina kitu. Mama aling'oa shina moja, akalitupa, akasema shamba lake la magharibi limeshalala vya kutosha. Nilimwambia angoje mvua. Mvua zikaja, nikamwambia angoje nipate nafasi nimsaidie. Alingoja wiki tatu. Nadhani alikwisha hisi kitu, maana siku aliyoondoka hakuniaga, na nyumba zetu zimetenganishwa na ua mmoja tu wa makuti.

Ndipo akaletwa ofisini.

Shemeji alieleza alivyomkuta. Alikuwa amefyeka eneo la kutosha nyumba tatu, ndani ya alama nyekundu. Alimwambia aache, naye akamuuliza tangu lini mtu anakatazwa shamba lake. Shemeji aliyasema haya akitazama sakafu. Alikuwa kijana wa doria tu alipoanza, na mimi ndiye niliyemfundisha zile sheria.

Hatukuwa peke yetu. Kwenye benchi la nje alikaa mchoma mkaa mmoja wa pale kijijini, mtu wa miaka thelathini na kitu, ambaye doria ilikuwa imeshika pikipiki yake wiki iliyotangulia na magunia juu yake. Alikuja kusikiliza shauri lake. Alipomwona mama akiingia, aliinuka akaja kusimama dirishani, na wenzake wawili nyuma yake. Mwenyekiti alipofika akihema, yule mtu alimwambia kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia:

"Mwenyekiti, leo tutaona kama sheria ina mama yake."

Mwenyekiti aliniita nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji, na pale ndipo aliponipa njia ya kutokea. Niandike kwamba mama alikutwa akiokota kuni kavu. Kosa la kuni ni onyo tu. Mama ataweka dole gumba, ataenda nyumbani, panga lake atarudishiwa. Tukiandika kwamba alikuwa analima, itabidi shauri lipelekwe mahakama ya mwanzo kama la wengine. Tukimwachia hivi hivi, kesho kila mwenye shoka ataingia. "Na habari za mpaka," akamalizia, "tusizifukue. Wageni wa shirika wanakuja wiki ijayo."

Nilirudi ndani nikaandika kuni. Niliandika haraka, mistari minne, nikasukuma daftari na kidau cha wino kuelekea kwa mama. Nilitaka tu aweke dole, aondoke, nipate kumwangukia miguuni huko nyumbani ambako hakuna macho ya watu.

Mama hajui kusoma. Alilitazama daftari muda mrefu.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Dirishani walikuwa wameongezeka, sasa ni watu saba au nane. Nilipomaliza, mama alikirudisha kile kidau katikati ya meza kwa kidole kimoja.

"Sikuokota kuni," akasema. "Nilikuwa nalima. Kuni mtu huokota hata kwa mwenzake. Nikikubali kuni, nimekubali kwamba pale si kwangu." Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe, lile shamba hulijui?"

Angeweza kuwaambia wote pale kwamba mimi nilinyonyea pembeni mwa shamba lile, nikiwa nimelazwa chini ya kivuli cha miti ya milama. Angeweza kusema mengi. Aliniuliza swali hilo moja tu, akanisubiri. Niliwatazama shemeji na mwenyekiti. Mwenyekiti alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi.

"Nalijua," nikasema. "Ni shamba lake. Nililijua hata siku ile nilipolipaka rangi."

Kisha yule mchoma mkaa akacheka kicheko kifupi. Alisema kama ni hivyo, basi naye ana shamba la baba yake kule ndani, na mwenzake pia analo, na kuanzia kesho wanakwenda kulima, na pikipiki yake irudishwe. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwenyekiti alipiga meza kwa kiganja, akaahirisha shauri mpaka afisa misitu wa wilaya aje. Mama aliinuka, akachukua panga lake na jembe lake mezani bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda zake kwa miguu. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Siku tatu zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote ninazozikumbuka. Asubuhi iliyofuata shemeji alikuja mlangoni kwangu akiwa amekunja uso. Watu wameingia msituni kwa sehemu nne, kila mmoja na panga, kila mmoja akisema pale ni kichaka cha baba yake. Vijana wa doria wamekataa kutoka kwa sababu hawajui wamkamate nani na wamwache nani. Sehemu moja miti yenye alama ilikuwa imemenywa magome ili rangi isionekane. Aliniuliza afanye nini. Nilimwambia nami sijui, na ilikuwa kweli.

Alasiri mwenyekiti alikuja. Alisimama nje ya kizingiti, hakukaribia kiti nilichomwekea.

"Umeivunja kazi ya miaka mitatu kwa neno moja," akasema.

Nilimkumbusha kwamba naye alijua. Akasema kwa masikitiko, bila ukali, "Mimi sikushika brashi." Akaondoka.

Kutoka upande wa pili wa ua nilimsikia mama akikuna nazi. Tangu mume wangu afariki tulikuwa tunakula chungu kimoja, siku anapika yeye, siku napika mimi. Siku zile tatu alijipikia. Jioni nilimpelekea bakuli la kunde, nikalikuta asubuhi kwenye kizingiti changu, limefunikwa vilevile, halijaguswa. Kutoka magharibi upepo ukaleta sauti ya shoka, siku ya kwanza moja, siku ya pili nilihesabu nikaacha. Nilihisi kwamba nimeupoteza msitu na nimempoteza mama, vyote kwa wiki moja, na mwenye kosa ni mmoja.

Afisa misitu alikuja siku ya nne. Alikuwa msichana, hijabu yake imepigwa pini vizuri, na mabuti ya mpira yaliyoonyesha kwamba hakuja kukaa ofisini. Alisikiliza kila upande kwa saa nzima. Kisha akamgeukia mama, akamwamkia, akamuuliza kwa heshima kama anaweza kwenda kuwaonyesha shamba lake lilipo.

Tulitoka kundi kubwa, labda watu arobaini. Wengi walikuwa na mapanga. Kwa kawaida mtu kwenda shambani na panga si jambo la kutazamwa, lakini siku ile kila mmoja alikuwa akiangalia mkono wa mwenzake. Mchoma mkaa na jamaa zake walitembea ubavuni, mbali kidogo nasi. Shemeji alitembea karibu na mama. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na hakuna aliyetembea nami.

Tulipofika kwenye kichaka, afisa alitazama kishikwambi chake, akatazama miti, akasema kwa upole kwamba kwenye ramani hapa panaonekana msitu sawa na kule mbele. Mama hakubishana. Aliinama, akafagia majani kwa mkono chini ya mlama mmoja.

"Njoo uone miguu yake," akamwambia.

Afisa akachuchumaa. Mti ule haukuwa na shina moja. Mashina manne yalitoka kwenye kisiki kimoja kipana, cha kimo cha goti, na juu ya kisiki bado ilionekana alama ya panga, imeziba na kuwa laini kama kovu. Mama akampeleka mti wa pili, wa tatu, wa kumi. Yote ilikuwa hivyo.

"Sisi hatung'oi," mama akaeleza. "Tunakata hapa, gotini, ili mti urudi tukiondoka. Mti uliokatwa na mkulima una miguu mingi. Huu niliukata mimi. Huu aliukata mama yangu kwanza, nikaja nikaukata mimi. Ukitaka kujua shamba limelala mara ngapi, tazama kisiki."

Yule binti alishika kile kisiki kwa viganja vyote viwili. Alisema alisoma mambo ya misitu miaka minne na hakuna aliyewahi kumwonyesha hili. Watu wakasogea. Wengine walianza kufagia majani chini ya miti iliyo karibu nao.

Mchoma mkaa naye akasema basi waende na kwake. Alituongoza mbele zaidi, kama mwendo wa robo saa, mpaka mwanga ukapungua na hewa ikawa baridi. Miti ya mikongo ilisimama pale, kila mmoja na shina moja lililonyooka, mnene hata watu wawili wasiukumbatie. Majani yaliyooza yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Pembeni, ardhi ilikuwa nyeusi na imebonyea, mahali palipokuwa na tanuri. Kutoka pale, kupitia matawi, niliuona mkole wa wali.

"Hapa," akasema. "Baba yangu alilima hapa."

"Alipanda nini?" mama akamuuliza.

Aliwatazama jamaa zake. Mama alizunguka mkongo mmoja taratibu, akautazama chini, akarudi. Akasema hapa hakuna kisiki cha panga hata kimoja, kuna cha shoka na msumeno tu, na vyote ni vibichi. Pale hapakulimwa na mtu yeyote, hata bibi yake hakupalima.

Yule mtu alimsogelea. Panga lilikuwa mkononi mwake, limeelekea chini, lakini lilikuwa mkononi. Shemeji akaingia katikati yao. Nilisukuma watu nikaenda mbele, sijui nilitaka kufanya nini. Yule mtu alionyesha tanuri kwa mkono wa pili.

"Bibi," akasema, "watoto wangu wanakula mkaa huu. Wewe una pa kurudi. Mimi unanipeleka wapi?"

Mama alimgusa shemeji begani ili ampishe.

"Mama yako alikuwa na shamba," akamwambia. "Liko kule kwenye ua wa minyaa, juu ya bonde. Alililaza mwaka aliokuzaa, hakuwahi kulifungua tena. Kwa nini hulitaki lile?"

Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo mno, akalelewa na baba ambaye hakuwa mtu wa jembe. Tulimwona akijaribu kuelewa alichoambiwa. Aliweka panga kwapani. Mama alikwisha anza kutembea, na baada ya muda yeye akamfuata, nasi nyuma yao. Minyaa ilikuwepo, imerefuka kupita nyumba, mstari mmoja ulionyooka ambao hauwezi kuota wenyewe. Ndani ya ule ua kila mti ulikuwa na miguu mingi, minene, ya miaka zaidi ya thelathini. Yule mtu aliinama akafagia majani chini ya mti mmoja, akakitazama kisiki alichokata mama yake. Alibaki ameinama muda mrefu, na jamaa zake wakageukia pembeni wakawa wanazungumza mambo mengine.

Kazi ya kuupitia mpaka upya ilichukua wiki mbili. Mama alitangulia pamoja na wanawake wazee wengine wawili, na afisa akiwafuata na kishikwambi chake. Walikuwa wakali hata kwa watu wao. Mpwa wake mama alidai kichaka kisicho chake, akaambiwa mbele za watu arudi nyumbani. Zile sehemu nne zilizoingiliwa, mbili zilikuwa za haki na mbili hazikuwa. Msitu ulipungua, na si kidogo. Watu wa shirika walipokuja walikasirika, wakasema ramani imekwisha pelekwa juu, wakakaa na kijiji siku nzima wakibishana. Mwishowe walikubali kuendelea, ila mizinga ya nyuki waliyotuahidi hatukuiona. Katika sheria ndogo kukaongezwa kwamba shamba lililolazwa ni la mwenyewe hata likiota miti, kwamba anayetaka kuchoma alichofyeka aiite doria isimame naye, na kwamba wanawake wanaopeleka wali kwenye mkole hawahitaji kibali cha mtu.

Vifungu hivyo havikuandikwa na mimi. Mkutano mkuu wa kijiji uliniondoa kwenye ukatibu. Mwenyekiti ndiye aliyesimamia kura, na mimi sikusema lolote juu yake, kwa sababu aliyosema alisema kweli, brashi niliishika mimi. Wanaotaka niondolewe waliambiwa wanyoshe mikono. Niligeuka nikatazama nyuma. Mama naye alikuwa amenyosha.

Hilo lilinichoma, sitasema uongo. Lakini jioni ile alikuja upande wangu wa ua na sufuria ya wali, akaiweka kati yetu, tukala. Hatukuzungumza juu ya mkutano.

Mwaka ule alipanda mtama na kunde kwenye shamba lake, nami nilimsaidia kupalilia. Udongo ulikuwa mweusi kiasi kwamba ulitia rangi kucha. Mtama ulipoanza kukomaa, tumbili wakatoka msituni, makundi kwa makundi, maana sasa wana mahali pa kukaa bila kusumbuliwa. Tulijenga dungu, jukwaa la miti la kukaa mtu anayelinda mazao, tukawa tunashinda huko mchana kutwa tukiwatupia vigae.

Siku moja, jua la saa sita, mama alikuwa amejilaza nami nikidhani amesinzia. Akaniuliza, macho yamefumbwa, kwa nini sikumwambia.

"Niliogopa utakataa," nikamjibu. "Niliogopa ukikataa, msitu hatutaupata."

Alifumbua macho.

"Ningekataa," akasema. "Kisha ningekuonyesha pa kupitisha mpaka."

Kule ukingoni mwa shamba majani yalitikisika, akatokea tumbili mmoja mkubwa, na nyuma yake mwingine, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Mama akainuka, akaokota kigae, akarusha. Hakumpata. Akaniambia niteremke niwafukuze kwa miguu, na nikiwa huko huko nikate na masuke machache yaliyobaki upande ule walioharibu, tusije tukawaachia yote.